KUIFUNDISHA KOMPYUTA MCHEZO WA SHAX

  Keti tuanze somo. Somo lenyewe linahusu kompyuta, lakini usiogope wala usiruke ukurasa. Hata kama hujawahi kugusa kibodi utaelewa, maana ubao wetu tutauchora mchangani kwanza.

Mambo yalianza muhula wa kwanza. Mwalimu wetu wa Kompyuta alipofika kwenye mada ya misingi ya kuandika programu, alimwambia kila mmoja wetu atengeneze mchezo mdogo. Wenzangu wengi walichagua mchezo wa kubahatisha namba. Mimi nikajifanya msomi, nikasema nitatengeneza mchezo wa Warumi wa kale. Basi nilianzia Roma, nikaishia mkekani kwa babu yangu, chini ya mgunga, hapa hapa Garissa. Sikiliza ilivyokuwa.

1. WARUMI WALITUACHIA UBAO BILA KANUNI

Warumi walikuwa na mchezo ulioitwa ludus latrunculorum. Ulikuwa mchezo wa vita, na kete zake zilikuwa kama askari. Mbao zake za mawe zimepatikana katika ngome za jeshi la Kirumi huko Uingereza, kwa mfano Vindolanda, karibu na Ukuta wa Hadrian. Mbao hizo hazilingani. Kuna zenye safu nane kwa nane na kuna zenye saba kwa nane. Waandishi wa Kirumi kama Varro na Seneca waliutaja mchezo huu, na kutokana na maandishi ya kale tunajua kwamba kete hutekwa ikibanwa na maadui wawili, mmoja huku na mwingine kule.

Basi nikachukua daftari niandike kanuni. Hapo ndipo nilipokwama. Kete zilipangwaje mwanzoni? Ziliruka au zilitembea? Kila mchezaji alikuwa na ngapi? Hakuna kitabu cha Kirumi cha kanuni kilichotufikia. Nadhani sababu ni rahisi: kila mtu alizijua, sasa nani ajisumbue kuandika? Mtoto alimwona baba yake akicheza, naye akacheza. Siku ya mwisho ilipofika, kanuni zikazikwa na wenyewe, mawe yakabaki.

Wataalamu wanajaribu kuziba pengo hilo kwa kompyuta. Katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kulikuwa na mradi kati ya mwaka wa 2018 na 2023 ulioongozwa na Cameron Browne. Walitengeneza programu iitwayo Ludii ambayo imekusanya michezo zaidi ya 1,000 ya duniani. Pale ambapo kanuni zimepotea, kompyuta hupewa kanuni za kukisia, ikacheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi, ili ionekane ni kanuni zipi zinaufanya mchezo uchezeke. Ni kazi nzuri, lakini bado ni kukisia.

Nikiwa katika kusoma huko nikakutana na mshairi Ovid, ambaye Kaisari Augusto alimfukuza kutoka Roma mwaka wa 8 B.K. Yeye alitaja mchezo mwingine: ubao mdogo, kila mtu na vijiwe vitatu, na mshindi ni yule atakayevipanga mstari mmoja. Nikaweka kalamu chini. Vijiwe vitatu mstari mmoja? Ala! Huyo si ndugu wa mchezo ambao babu anaucheza kila jioni baada ya swala ya Alasiri?

2. SHAX NI MCHEZO GANI?

Msomaji ambaye si Msomali, kwanza tulitamke jina. Katika maandishi rasmi ya Kisomali, ambayo yalianza kutumika mwaka wa 1972, herufi x ni h nzito inayotoka kooni. Kwa hiyo usiseme "shaksi", utachekwa Soko Mugdi nzima. Sema "shah", na hiyo h uitoe ndani.

Ubao wa shax ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Katikati ya kila upande kuna mstari unaounganisha mraba wa nje, wa kati na wa ndani. Mahali mistari inapokutana panaitwa kituo. Hesabu na utapata vituo 24. Wazungu wana mchezo wenye ubao kama huu, lakini wao hutumia kete 9 kila mtu. Sisi hutumia 12 kila mtu. Mmoja huchukua vijiwe, mwingine vijiti vilivyokatwa au kokwa za tende. Ubao huchorwa mchangani kwa kidole. Mchezo ukiisha, mbuzi akipita juu yake, umefutika.

Kanuni nilizofundishwa nyumbani ni hizi:

(a) Wachezaji huweka kete kwa zamu, mojamoja, hadi vituo vyote 24 vijae. Wakati huu hakuna kutoa kete ya mtu.

(b) Kete tatu za mtu mmoja zikikaa kwenye mstari mmoja zinaitwa jare. Yule aliyetangulia kupata jare wakati wa kuweka ndiye anayetoa kete moja ya mwenzake ubao ukijaa. Kisha mwenzake naye anatoa moja. Kama hakuna aliyepata jare, aliyeanza wa pili kuweka ndiye anayetangulia kutoa.

(c) Aliyetangulia kutoa ndiye anayetangulia kutembea. Kete husogea hatua moja tu kwenda kituo jirani kilicho wazi.

(d) Ukitembea ukapata jare, unatoa kete moja ya mwenzako.

(e) Anayebaki na kete mbili ameshindwa, kwa sababu mbili haziwezi kufanya jare.

Kuna kanuni ya sita, lakini hiyo sikuijua. Nitakueleza jinsi nilivyoijua, maana iliniaibisha.

3. KUUCHORA UBAO KWA NAMBA

Kompyuta haioni mchanga. Inaona namba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvipa vituo majina ya namba. Chora ubao wako kwenye karatasi ufuatane nami.

Anza kona ya juu kushoto ya mraba wa nje, andika 1. Zunguka kama mshale wa saa: 2 katikati ya upande wa juu, 3 kona ya juu kulia, na kuendelea hadi 8, katikati ya upande wa kushoto. Rudia mraba wa kati kwa njia ile ile, 9 hadi 16. Halafu mraba wa ndani, 17 hadi 24.

Sasa tazama uzuri wake. Namba witiri, yaani 1, 3, 5 na kadhalika, zote ni kona. Namba shufwa zote ziko katikati ya pande. Kituo cha 2 kimeunganishwa na cha 10, na cha 10 kimeunganishwa na cha 18. Kila mara tofauti ni 8! Kwa hiyo huhitaji kuifundisha kompyuta njia zote moja baada ya nyingine. Unaiambia hivi tu:

Jirani wa kwanza ni namba inayotangulia katika mraba huo.
Jirani wa pili ni namba inayofuata katika mraba huo.
Mraba ukiisha, rudi mwanzo wake (baada ya 8 ni 1, baada ya 16 ni 9, baada ya 24 ni 17).
Kama namba ni shufwa, ongeza 8 au toa 8. Ikibaki kati ya 1 na 24, huyo naye ni jirani.

Kona ina majirani wawili. Katikati ya upande wa mraba wa nje au wa ndani kuna majirani watatu. Katikati ya upande wa mraba wa kati kuna wanne, na ndiyo maana wazee hugombania vituo vya 10, 12, 14 na 16 kama watu wanaogombania kivuli saa saba mchana.

Mistari ya jare ni 16: kumi na miwili ni pande za miraba, na minne ni ile inayokata kuingia ndani (2-10-18, 4-12-20, 6-14-22 na 8-16-24). Kila kituo kimo katika mistari miwili tu. Kwa hiyo kete ikitua, kompyuta haina haja ya kukagua mistari yote 16. Inakagua miwili, imemaliza.

4. KOSA LILILOMFANYA BABU ANIITE MWIZI

Niliandika programu yangu kwa lugha ya Pascal kwenye maabara ya kompyuta, nikiwa nagawana mashine moja na wenzangu wawili, na stima ikipotea tunaanza upya. Nilitengeneza orodha ya visanduku 24. Kisanduku kitupu nilikipa 0. Kete ya kompyuta nikaipa 1. Kete ya mtu nikaipa 2. Kujua jare nikaona ni rahisi kama kunywa maji: jumlisha visanduku vitatu vya mstari. Jumla ikiwa 3, kompyuta ina jare. Ikiwa 6, mtu ana jare.

Wikendi hiyo binamu yangu aliniazima kompyuta yake ya mapajani, nikampelekea babu. Kwetu babu huitwa Awoowe, na yeye pia humwita mjukuu wake "awoowe". Ndivyo desturi ilivyo, jina hurudi kama mwangwi. Tulizungumza Kisomali lakini hapa nakuandikia kwa Kiswahili.

Akacheza kidogo, mimi nikisogeza kete anazoninyooshea kidole. Ghafla kompyuta ikatoa kete yake moja.

"Awoowe," akasema, "mashine yako ni mwizi."

"Imepata jare, Awoowe."

"Wapi? Nionyeshe."

Nikatazama. Pale palikuwa na kete moja ya kompyuta, kete moja ya babu, na kituo kimoja kitupu. Nikapiga hesabu: 1 na 2 na 0. Jumla ni 3! Kompyuta haikuona kete tatu zake. Iliona 3, ikachukua. Na ukichunguza utaona kwamba kosa hilo linaisaidia kompyuta peke yake, kwa sababu 6 haipatikani ila kwa 2 na 2 na 2. Nilikuwa nimetengeneza mwamuzi anayependelea upande mmoja bila mimi kujua.

Dawa yake ni hii: mpe mtu hasi moja badala ya 2. Sasa jare ya kompyuta ni 3, jare ya mtu ni hasi 3, na hakuna mchanganyiko mwingine unaoweza kuleta jumla hizo. Wanafunzi wenzangu, hili ndilo funzo la kwanza. Programu inaweza kukubali kila unachoandika, isilalamike hata kidogo, na bado ikawa inadhulumu watu. Mwenye kujua ni yule anayedhulumiwa. Mpeni aijaribu.

5. KANUNI YA SITA

Nilirekebisha kosa hilo, nikarudi wiki iliyofuata. Mara hii mchezo ulikwenda vizuri mpaka kete zote za babu zikazibwa. Hapakuwa na hata moja iliyoweza kusogea. Kwenye kioo yakatokea maandishi: UMESHINDWA.

Nikamsomea. Babu akanyamaza, kisha akauliza, "Nani kasema?"

"Huna pa kwenda, Awoowe. Kanuni inasema asiye na pa kwenda ameshindwa."

"Kanuni ya nani?"

Hapo nikatahayari. Kanuni hiyo niliitoa kwenye maelezo ya mchezo wa Wazungu wa kete 9. Kwao ni kweli, ukizibwa umeshindwa. Niliona ubao ni ule ule, nikadhani mchezo ni ule ule.

Babu akanieleza. Katika shax, mwenzako akikosa njia hujamshinda. Ni juu yako kumfungulia. Unatembea tena wewe, na lazima mwendo huo umpe njia. Na ukipata jare kwa mwendo wa kumfungulia, hutoi kete, kwa sababu ulitembea kwa ajili yake wala si kwa ajili yako. "Mtu akikwama mlangoni pako," akasema, "utasema umemshinda? Sogea apite, kisha mpambane."

Fikiria, msomaji. Kama ningemaliza programu yangu shuleni, nikapata alama zangu, nikawagawia wenzangu, wao wangecheza wakiamini hiyo ndiyo shax. Kanuni ya kumfungulia mwenzako ingekufa, na muuaji ningekuwa mimi, mjukuu wa mchezaji. Kwenye programu ni mistari michache tu:

Kagua kete zote za mwenye zamu.
Kama hata moja haina jirani mtupu, zamu irudi kwa mpinzani.
Mpinzani achague tu mwendo unaofungua njia.
Jare ikitokea kwa mwendo huo, isihesabiwe.

6. MASWALI AMBAYO KOMPYUTA PEKE YAKE HUULIZA

Binadamu wakicheza, jambo lisiloeleweka hujadiliwa pale pale na chai inanywewa. Kompyuta haijadili. Lazima uiambie kila kitu kabla, la sivyo itasimama au itafanya upuuzi. Kwa hiyo nikaandika maswali matatu kwenye daftari:

La kwanza: naweza kufungua jare yangu na kuifunga tena, nikatoa kete kila nikifunga? Babu alicheka akasema huyo ni ngamia wa maziwa, kila ukirudi unakamua. Ndiyo, inaruhusiwa, na mchezaji mzuri humtafuta ngamia huyo mapema.

La pili: naweza kutoa kete iliyo ndani ya jare ya mwenzangu? Hapa babu alisema toa yoyote unayotaka. Rafiki yake aliyekaa kando akasema hapana, kwao wakati wa ujana walianza na zile za nje. Wakabishana hadi adhana ya Magharibi. Mimi nikaweka chaguo kwenye programu: kabla ya kuanza, wachezaji wachague kanuni ya nani.

La tatu: kete moja ikikamilisha jare mbili kwa mwendo mmoja, natoa kete moja au mbili? Babu alisema hana hakika. Alinituma kwa mzee mmoja jirani yetu ambaye ndiye aliyekuwa akiamua migogoro yote ya shax pale mtini. Nikasema nitakwenda mtihani ukiisha. Mtihani uliisha Ijumaa. Mzee alikuwa amefariki Jumatano na kuzikwa siku hiyo hiyo. Mungu amrehemu.

Swali la tatu bado limo daftarini. Katika programu nimeweka kete moja, lakini nimeandika kando yake kwamba huo ni uamuzi wangu wala si wa wazee. Sitaki mtu wa baadaye adhani ni kanuni.

7. JE, KOMPYUTA INAWEZA KUMSHINDA BABU?

Programu yangu hufikiri kwa hatua tatu. Kama inaweza kupata jare, inapata. Kama mpinzani anakaribia jare, inaziba. Kama hakuna hayo, inachagua mwendo utakaoiachia njia nyingi zaidi za kutembea. Inawashinda wadogo zangu. Babu inamlaza mara moja kwa kubahatisha, yeye anaipiga mara nyingi.

Njia bora ni kuifanya itazame mbele: nikienda hapa, yeye ataenda wapi, nami nitajibu nini? Tuseme kila zamu kuna njia 10. Kutazama zamu nne mbele ni 10 mara 10 mara 10 mara 10, yaani hali 10,000. Kwa kompyuta hilo si jambo.

Wengine wamefika mbali zaidi. Mwaka wa 1993 Ralph Gasser, huko Zürich, alitumia kompyuta kuthibitisha kwamba ule mchezo wa kete 9, pande zote zikicheza bila kosa, huisha sare. Afrika Kusini kuna ndugu mwingine aitwaye morabaraba, wa kete 12 kama wetu lakini wenye mistari ya ziada kwenye kona. Huo nao Gábor Gévay na Gábor Danner waliupigia hesabu, wakaona anayeanza anaweza kushinda daima. Lakini majibu hayo si ya shax, maana kanuni zetu ni tofauti. Ya shax yanahitaji hesabu yake. Pengine ni kazi yako wewe unayesoma.

8. TAMATI

Warumi walichonga ubao kwenye jiwe, jiwe likabaki, kanuni zikapotea. Sisi tunachora ubao mchangani, ubao unafutika kila jioni, lakini kanuni zingali hai vichwani mwa wazee wa Garissa, Wajir na Mandera. Tuna bahati ambayo wachimbaji wa Vindolanda hawana. Wao hawana wa kumwuliza, sisi tunao. Ila mimi nimejifunza kwamba wa kumwuliza hakungoji umalize mtihani.

Programu yangu iko maabara, mashine ya tatu kutoka mlangoni. Nimezikuza kete maana macho ya babu yamepungua nguvu. Karibu uicheze, na ukiona inadanganya, niambie.

ZOEZI

1. Taja majirani wote wa kituo cha 12.
2. Taja mistari miwili ya jare inayopita kituo cha 7.
3. Nenda kwa mzee mmoja wa kwenu anayejua shax, au bao kama unatoka pwani, au mchezo wowote wa kwenu. Mwulize kanuni moja ambayo hukuijua. Iandike kama alivyoisema, na uandike ni mzee wa wapi. Kama yupo anayejua jibu la swali langu la tatu, tafadhali anitafute.

Majibu: (1) 11, 13, 4 na 20. (2) 5-6-7 na 7-8-1. Jibu la zoezi la tatu utalileta wewe katika jarida la mwaka ujao.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu